MREJESHO: Laptopu iliyogoma kuvuka megabiti 94 kwa waya

Wakuu, nimerudi. Nililalamika kwamba laptopu yangu kwa Wi-Fi inavuta zaidi ya megabiti 300 kwa sekunde, lakini nikichomeka waya wa mtandao haivuki 94. Mchawi kapatikana: ni waya wenyewe.

Aliyeniambia nisiguse draiva (programu inayoendesha kadi ya mtandao) kabla ya kuangalia kasi ya kiungo, yaani kasi ambayo laptopu na ruta zimekubaliana kupitia waya, alikuwa sahihi, ila mimi mbishi. Jioni nzima imeishia kwenye kufuta draiva na kuisakinisha upya. Kufungua mipangilio ya mtandao, nakuta kasi ya kiungo ni megabiti 100/100 (kupokea/kutuma) badala ya 1000/1000. Nikachomoa waya, nikaumulika kwa tochi ya simu: ndani ya kile kichwa cha plastiki, uzi wa kahawia umerudi nyuma, haugusi kabisa pini ya 8. Kumbe gigabiti, yaani hiyo megabiti 1000, inataka nyuzi zote 8. Mmoja ukikosekana, vifaa vinaweza kushuka kimya kimya hadi 100, ambayo inatosheka na nyuzi 4. Ndiyo maana intaneti haikukatika hata mara moja, nami nikabaki kuwalaumu watoa huduma bure.

Nimeweka waya mwingine wa Cat5e (daraja la waya linalobeba gigabiti), sasa inasoma 1000/1000 na kipimo kinacheza 310 hadi 320. Ule wa zamani nimeukata vipande, asije mtu akauokota.