Mrejesho: Kichanga wa siku mbili aliyegoma kunyonya

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliuliza iwapo mtoto wetu wa siku mbili, aliyegoma kunyonya na kupoa miguu bila homa yoyote, asubiriwe hadi asubuhi kama mama mkwe alivyoshauri, au apelekwe hospitali usiku uleule. Nawashukuru mliosisitiza tusisubiri. Tulitoka Mbagala saa saba usiku kwa bajaji, mtoto akiwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi.

Muuguzi alimpima akakuta nyuzi joto 35.2, kisha akafunua kanga na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima: 68, ilhali zikifika 60 tayari ni dalili ya hatari. Daktari alieleza kuwa alishuku maambukizi ya bakteria katika damu, ambayo kwa kichanga huweza kushusha joto badala ya kulipandisha, jambo ambalo binafsi sikulijua kabisa. Alipouliza chupa ilipasuka lini, mke wangu alijibu kwamba maji yalitoka karibu siku nzima kabla ya kujifungua. Yakizidi saa 18, bakteria wa ukeni hupata nafasi ya kupanda hadi kwa mtoto. Tulikojifungulia hakuna aliyetuuliza swali hilo, na bado linaniuma.

Alichukuliwa damu ya kuoteshwa maabara ili kuona kama ina bakteria, akaanzishiwa dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamisini, bila kungoja majibu, akamaliza siku 10. Siku ya tatu alilia kwa njaa, na bibi yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka.