Kutoka eksirei ya binadamu hadi eksirei ya wanyama: naombeni ushauri

Nyota wa Winam (Kisumu)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mtaalamu wa eksirei wa binadamu. Nilisomea stashahada yangu katika KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, na kwa miaka sita sasa nimekuwa nikifanya kazi hospitalini hapa Kisumu. Mwezi uliopita daktari mmoja wa mifugo aliyenunua mashine ya eksirei aliniomba niwe nikifika katika kliniki yake kila Jumamosi kupiga picha za mbwa, paka na, mara mojamoja, mbuzi au punda. Nilikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nimelelewa katika boma lenye mifugo, na nilidhani kwamba aliyezoea kupiga picha ya kifua cha mtoto anayelia hatashindwa na mbwa.

Jumamosi ya kwanza ilinionyesha kuwa nina mengi ya kujifunza. Tuliletewa mbwa mkubwa aina ya German Shepherd aliyekuwa akichechemea miguu ya nyuma, na daktari akataka picha ya nyonga. Mimi nimezoea kumwambia mgonjwa alale hivi, anyooshe mguu, avute pumzi na kuibana. Mbwa alilazwa chali, mtunza bustani wa kliniki akamshika miguu ya nyuma kwa mikono mitupu, kichwa chake kikiwa kimeinama karibu na mdomo wa mashine, naye mwenye mbwa akashika miguu ya mbele. Nilikataa kubonyeza hadi ilipoletwa aproni ya madini ya risasi, inayokinga mionzi, ambayo ilikuwa moja tu. Nikamvisha mtunza bustani, nikamtoa mwenye mbwa nje. Mbwa alipomkosa mwenyewe akaanza kujipinda, na picha ilipotoka daktari aliitazama kidogo tu akasema haifai, maana nyonga imelalia upande mmoja.

Tangu siku hiyo sina raha. Ningependa kujua kutoka kwa wanaoifanya kazi hii kila siku kama ujuzi wangu wa hospitalini unatosha au ni lazima nirudi darasani, ni nani hasa anayepaswa kumshika mnyama, na kama sheria inamruhusu mtu kama mimi kuifanya kazi hii.

Fundi wa Bahati (Nakuru)

Dada Nyota, ulifanya vyema kukataa kubonyeza. Nimekuwa katika kazi hii Nakuru kwa miaka kumi na mmoja, baada ya kusomea afya ya wanyama katika AHITI ya Nyahururu, na nimeona picha nyingi ambazo vidole vya mtu vinaonekana wazi kando ya mguu wa mbwa. Kidole kikionekana kwenye picha, hata kikiwa ndani ya glavu ya risasi, ujue kilikuwa ndani ya mwale wenyewe wa mionzi. Aproni na glavu zimetengenezwa ili kuzuia mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mnyama, wala hazimpi mtu ruhusa ya kuingiza mkono mwale unapopita.

Kwa hiyo, inapowezekana, asishike mtu yeyote. Daktari amtulize mnyama kwa dawa, nawe umweke sawa kwa mifuko ya mchanga, kabari za sponji na kamba laini, kisha nyote mwende nyuma ya kizuizi. Pasipokuwa na kizuizi, sogeeni mbali, kwa kuwa ukisimama mita mbili badala ya moja, mionzi inayokufikia hupungua ikabaki robo. Ikitokea kwamba mnyama amegongwa na gari na hawezi kupewa dawa, atakayemshika awe mtu mzima aliyevaa aproni, glavu na kinga ya shingo, asiwe mjamzito wala mwenye umri chini ya miaka 18, na asiwe yuleyule kila wiki. Mwenye mbwa hushika mara moja. Mtunza bustani wenu hushika kila Jumamosi, mwaka mzima, na hakuna anayemhesabia. Tafadhali, jambo hilo lisemee mapema kabla hujafika mbali na kazi hiyo.

Sasa nyonga. Mbwa alazwe chali akiwa ametulizwa vizuri, miguu ya nyuma ivutwe nyuma hadi mifupa ya mapaja iwe sambamba, kisha magoti yazungushwe kidogo kuelekea ndani mpaka pia ya kila goti ikae katikati ya mfupa wa paja. Picha ikitoka, tazama kwanza yale matundu mawili makubwa ya mfupa wa nyonga. Yakiwa na ukubwa sawa, mbwa alilala sawa. Moja likiwa jembamba kuliko jingine, alipinda, na hakuna daktari makini atakayepima ulegevu wa kiungo kwa picha ya namna hiyo. Kihori chenye umbo la V, ambacho mbwa hulazwa ndani yake, huondoa nusu ya taabu. Sisi tulichongewa chetu na seremala, tukakijaza sponji.

Kuhusu pumzi, hapa macho yako yatafanya kazi ambayo maneno yalikuwa yakifanya hospitalini. Weka kidole kwenye kitufe cha kwanza, tazama mbavu zikipanuka, na bonyeza zinapofika mwisho wa kupanuka ikiwa unapiga kifua. Ukipiga tumbo, ngoja pumzi itoke. Miguu ya mbele ivutwe mbele sana unapopiga kifua kwa ubavu, la sivyo misuli ya mabega itafunika sehemu ya mbele ya mapafu, na daktari atadhani ameona nimonia.

Jambo jingine ambalo huwapiga chenga wanaotoka hospitalini ni unene. Asubuhi moja utapiga paka wa kilo tatu, na baada yake mbwa wa kilo sitini, kwa hiyo huwezi kukariri vipimo. Pima unene wa sehemu kwa sentimita, zidisha kwa mbili, ongeza 40, na utapata kilovolti za kuanzia. Unene ukizidi sentimita 10, weka gridi, yaani kichujio cha mionzi inayotawanyika. Andika kila matokeo kwenye daftari, na baada ya miezi michache utakuwa na jedwali la mashine yenu wenyewe, ambalo hutalipata katika kitabu chochote.

Daktari wa Mifugo (Kakamega)

Fundi, nakuunga mkono, na nitajibu upande wa sheria kwa sababu huko ndiko wengi hujikwaa bila kujua. Nchini Kenya, utabibu wa wanyama unaongozwa na sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Mifugo ya Kenya, yaani KVB, ndiyo inayosajili. Wewe, Nyota, umesajiliwa kuhudumia binadamu. Kupiga picha chini ya maelekezo ya daktari aliyesajiliwa ni jambo moja, na kumwambia mwenye mbwa kwamba mfupa umevunjika au haukuvunjika ni jambo jingine kabisa. Mwenye mnyama atakuuliza mlangoni kwa sababu umevaa koti jeupe. Mwelekeze kwa daktari kila mara, hata pale ambapo jibu unaliona waziwazi. Kabla hujaendelea, iandikie bodi, ueleze kazi unayoombwa kufanya, nawe uombe jibu la maandishi.

Mashine nayo ina sheria yake. Sheria ya udhibiti wa nyuklia ya mwaka 2019 iliunda KNRA, mamlaka ya kudhibiti mionzi, na mashine ya eksirei inahitaji leseni hata kama wanaopigwa picha ni paka watupu. Muulize daktari wako akuonyeshe leseni hiyo. Jambo la mwisho linahusu mwili wako mwenyewe. Kikomo kinachotumika kimataifa kwa wafanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi) 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote, na kikomo hicho ni cha mtu, si cha mwajiri. Mionzi ya hospitali na ya kliniki inajumlishwa. Vaa beji ya kupimia mionzi kotekote, na waajiri wote wawili wajue.

Tena, usikubali kamwe kutumwa kuvuta kwenye sindano dawa ya kutuliza mnyama. Zailazini inayomtuliza farasi, ng'ombe huhitaji takriban sehemu moja tu ya kumi ya kipimo hicho kwa kila kilo ya uzito. Kosa la namna hiyo halirekebishiki kwa urahisi.

Mama Ayrshire (Molo)

Mwanangu, mimi ni mfugaji wala si mtaalamu, lakini naomba nikuongezee jambo moja: usiishie kwenye eksirei, jifunze ultrasaundi ya ng'ombe. Huku kwetu ndiyo picha inayomgusa mfugaji mfukoni. Zamani tulikuwa tukingoja zaidi ya miezi miwili ndipo daktari aingize mkono na kusema ng'ombe ana mimba au hana. Siku hizi kijana huja na mashine ndogo ya betri, ng'ombe huingizwa kwenye krashi, kizimba chembamba cha kumzuia, kijana huvaa glavu inayofika begani, huondoa kinyesi kwanza, kisha huingiza kifaa taratibu. Alinionyesha siku ya 32 tangu ng'ombe wangu apandishwe: maji meusi kwenye kioo, na ndani yake kitu kidogo cheupe kinachopapatika, ndio moyo wa ndama. Nililia siku hiyo, kwa maana ng'ombe huyo alikuwa amerudi kwenye joto mara tatu.

Asiye na mimba hujulikana mapema, nawe humwangalia vizuri joto lake likirudi, maana huja kila baada ya siku 21 hivi, badala ya kumlisha miezi mitatu bure. Ila kijana huyo alinionya kwamba mimba changa nyingine hupotea, akarudi tena siku ya 75 kuhakikisha. Namheshimu kwa hilo.

Nyota wa Winam (Kisumu)

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na daktari. Ameagiza aproni mbili, glavu na kinga za shingo, na mtunza bustani hataingia tena chumbani. Barua ya KVB nimeituma. Leseni ya mashine nilionyeshwa, imo ukutani nyuma ya mlango. Yule mbwa alirudi Jumamosi, akatulizwa, akalazwa kwenye kihori cha mbao, na matundu yote mawili yakatoka sawa. Daktari alikaa na picha hiyo muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniita nione kichwa cha paja la kushoto kilivyokaa nusu nje ya kikombe chake.

Jumamosi ijayo kuna punda wa kubebea maji kutoka upande wa Ahero, mguu wa mbele umevimba karibu na kwato. Kaka Fundi, naanzia wapi?

Fundi wa Bahati (Nakuru)

Anzia kwenye ndoo na brashi. Sugua kwato na uchokoe udongo wote ulio kwenye mifereji ya chini, kwa kuwa udongo na hewa iliyonaswa humo huchora mistari inayofanana kabisa na mfupa uliopasuka. Punda apigwe akiwa amesimama, kwato juu ya kibao cha mbao ili mwale ufike chini kabisa. Kaseti, yaani bamba linalopokea picha, isishikwe kwa mkono, ifungwe kwenye mti mrefu wenye kishikio, kama mita moja. Na kwa sababu mwale utakwenda mlalo, hakikisha hakuna mtu upande wa pili, hata nyuma ya ukuta wa mabati.

Mwenye punda asimame karibu na kichwa cha punda, avae aproni, azungumze naye. Punda husikiliza sauti anayoijua.