Mchungaji awe na rafiki kanisani, au abaki ndugu wa wote?

Mtoa mada (Kisauni, Mombasa): Wenzangu, mwasemaje? Kila Jumamosi asubuhi pikipiki ya mchungaji wetu iko mlangoni kwa muumini yule yule mmoja, mwenyewe yumo ndani anakula mahamri kwa mbaazi. Ubaya hakuna, tumeshachunguza (mji huu nani asiyechunguza?). Ila kamati ikikaa, mwenye nyumba ile keshajua habari za mabati mapya kabla yetu. Sasa kuna wanaosema mchungaji hafai kuwa na rafiki miongoni mwa waumini.

Mzee wa kanisa (Likoni): Hafai. Akishapata kipenzi, sisi wengine tumekuwa wapangaji. Akitaka rafiki avuke feri akamtafute huko.

Mwanajumuiya (Tudor): Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umenipoteza. Yesu alikuwa na watu wake. Kule Bethania aliandaliwa chakula, Martha akihudumu, na Lazaro alipokufa alilia. Usiku wa karamu ya mwisho mwanafunzi mmoja alimwegamia kifuani. Tena kuna Aelred, abate wa Rievaulx huko Uingereza, aliyefariki 1167. Aliandika kitabu kizima juu ya urafiki wa kiroho, na hoja yake ni kwamba upendo twadaiwa na wote, hata adui, ila siri za moyo humwachia yule tu uliyemwamini. Padri asiye na mtu wa kumwambia "leo nimechoka" atamwambia nani? Chupa?

Mzee: Marahaba. Petro naye alikuwa wa karibu, na akamkana.

Mtoa mada: Nimerudi kwenye Yohana 15:15. "Siwaiti tena watumwa, kwa maana mtumwa hajui atendalo bwana wake; lakini ninyi nimewaita rafiki." Mimi nimekulia Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town, walikopewa makao watumwa waliokombolewa miaka ya 1870. Kwetu neno hilo si la mbali. Na rafiki hapo anajulikana kwa nini? Kwa kuambiwa: "nimewaarifu." Kumbe mahamri hayanisumbui, kinachoniuma ni mabati. Mchungaji na ale pale hata kila siku, lakini hesabu ya paa isomwe Jumapili, sote tusikie.

Mzee: Isomwe na nani? Mhazini wenu ni yupi?

Mtoa mada: Ndiye mwenye nyumba.

Mzee: Na hilo ulikuwa umelificha wapi, mwanangu?