Kisoro au Sipi? Kikundi chetu kimegawanyika

Pedali_Kisenyi: Ndugu zangu, salamu. Sisi ni kikundi cha hapa Kampala pamoja na wenzetu wachache wa Jinja. Desemba, mvua zikipungua, tunataka safari ya siku sita kwa baiskeli. Nusu yetu wanataka Masaka, Mbarara, Kabale hadi Kisoro. Nusu wanang'ang'ania Jinja, Mbale, kisha kupanda Sipi, kwenye maporomoko ya Mlima Elgon. Picha nzuri tumeshaziona, sasa tuambieni shida zake.

ShangaziMasaka: Kisoro ni karibu kilomita 490, mwanangu, kwa hiyo mnazungumzia zaidi ya 80 kila siku bila pumziko. Hapo kwanza mpige hesabu. Kutoka Kampala ni kupanda na kushuka tu. Mkishavuka ikweta pale Kayabwe ndipo mtapata tambarare ya kinamasi cha Lwera. Lukaya kuna kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, na watu wenu watakula kupita kiasi, halafu vilima vya Masaka viwaadhibu.

Lakini mimi vilima siviogopi. Naogopa mabasi. Basi likilipita lori kwenye kona, wewe ndiye unayetoka barabarani, na kingo za lami mahali pengine zimekatika kama ngazi. Kioo kidogo kwenye usukani ni lazima. Kabale ni baridi asubuhi, vidole vinakataa breki. Baada ya hapo mnapanda tena hadi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari kabla ya kuteremka Kisoro, na wingu likiondoka, mlima Muhabura huo mbele yenu, mita 4,127. Nimeona wanaume wazima wakilia pale, wala sikuuliza ni furaha au magoti.

FundiSpoki_Mbale: Njooni mashariki. Hadi Mbale ni kama kilomita 230, mna nafasi ya kupumzika. Ila msidhani tambarare ni starehe. Kutoka Iganga kupitia Tirinyi ni mashamba ya mpunga, jua la utosi, upepo usoni. Mlimani unasimama juu ya pedali, makalio yanapumua. Tambarare umekaa kutwa nzima. Michubuko ya mapaja inaanzia huko, si Sipi. Kaptura yenye sifongo, bila chupi ndani, na mafuta ya mgando kabla ya kutoka, si baada ya kuumia.

Sipi yenyewe ni kupanda mita mia sita, mia saba hivi kutoka Mbale, nyingi zikiwa mwishoni. Kule Sebei, eneo la Sipi, ndiko kwao Joshua Cheptegei, yule bingwa wa mbio ndefu, kwa hiyo mtoto wa shule akikupita kwa miguu usijisikie vibaya.

Boda_Mstaafu: Kuna ya tatu: Fort Portal, Kasese, kupitia hifadhi ya Queen Elizabeth. Nzuri, lakini tembo wanavuka barabara na kikundi chenye wachelewaji kitakutana na giza humo. Msiende.

Pedali_Kisenyi: Na gari la mizigo? Wengine wanasema linaharibu safari.

MzeeGurudumu: Gari liwepo, likae mbele kwenye kituo cha chakula, lisifuate nyuma. Likiwa nyuma, kila kilima kina mtu anayelitazama. Siku ya tatu ndiyo mbaya: vicheko vimeisha, wenye kasi wamechoka kusubiri, wa nyuma wanaona aibu. Mwekeni mwenye nguvu kuliko wote awe wa mwisho, na mbadilishane. Tokeni kunapopambazuka. Hapa kwetu giza ni saa moja jioni mwaka mzima, halikusubiri.

Pedali_Kisenyi: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Shangazi, hesabu yako imewanyamazisha watu wa Kisoro. Tunaenda Sipi.

ShangaziMasaka: Nyinyi waoga. Kisoro mwakani, na kuku nitalipa mimi.

FundiSpoki_Mbale: Karibuni. Bebeni spoki za gurudumu la nyuma na mnyororo wa akiba. Mafundi wa njiani wanaziba pancha vizuri sana, lakini vipuri vyao ni vya zile baiskeli nzito za kubebea matoke. Mnyororo mwembamba wa gia nyingi ukikatika Tirinyi, utasukuma.