Maandamano ya Juma Kuu mjini Sevilla: mgeni afanye nini?

Msafiri wa Moshi (swali):
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Nilikuwa Sevilla, kusini mwa Hispania, kwa shughuli za kikazi zilizokwisha siku ya Alhamisi Kuu, na usiku wa manane, nikirudi hotelini, nikakuta barabara imezibwa na watu waliovaa kanzu nyeusi na kofia ndefu zenye ncha, nyuso zimefunikwa yakabaki matundu ya macho tu. Viunoni walikuwa na mikanda mipana ya majani yaliyosukwa, na wengine walitembea pekupeku. Hapakuwa na wimbo wala tarumbeta. Mimi ni Mkatoliki, na Njia ya Msalaba ya parokiani kwetu huimbwa mwanzo hadi mwisho, lakini mavazi yale yalinitia hofu, hasa kwa mtu mweusi aliye peke yake ugenini. Yana maana gani? Je, sanamu inapopita mtu anapaswa kupiga magoti, na inaruhusiwa kukatiza barabara?

Mkaazi wa Andalucía:
Ndugu Msafiri, pole kwa hofu hiyo, ambayo Waafrika wengi tunaofika huku huipata. Kofia ile haihusiani na Ku Klux Klan wa Marekani, kundi la wabaguzi wa rangi waliovaa kofia zinazofanana na hizo, ambalo liliwachukia hata Wakatoliki wenyewe. Ni vazi la toba la karne nyingi kabla yao, na uso hufunikwa ili anayetubu asijulikane wala asisifiwe. Tangu mwaka 2011 wanawake nao wanaruhusiwa kulivaa katika vyama vyote vya waumini vinavyoandaa maandamano ya Sevilla, kwa hiyo huenda nusu ya wale waliokutisha walikuwa akina mama na binti zao.

Kwa maelezo yako, nadhani uliwakuta wa chama cha Jesús del Gran Poder, ambao hutoka usiku huo bila muziki wowote, wakiwa na sanamu ya Yesu aliyebeba msalaba iliyochongwa na Juan de Mesa mwaka 1620. Jukwaa la sanamu halina magurudumu. Chini yake, nyuma ya mapazia, wamejipanga wanaume wanaolibeba kwa shingo, kila mmoja amejifunga kitambaa kichwani chenye mviringo nyuma, mithili ya kata ya mchota maji. Hawaoni njia, msimamizi hugonga chuma kilicho mbele ya jukwaa, nao huinuka kwa pamoja.

Kuhusu kukatiza, subiri safu isimame, omba njia kwa ishara, upite upesi. Mbele ya sanamu usipite kabisa. Picha zinaruhusiwa, ila zima mwanga wa kamera.

Katekista wa Kisumu:
Kupiga magoti si lazima hapo. Inayopita ni sanamu, na heshima yake ni kusimama kwa utulivu, kuvua kofia na kufanya ishara ya msalaba ukipenda. Ingekuwa Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Sevilla huandamana siku yake ya Alhamisi ingawa kwetu huadhimishwa Jumapili, hapo ni Ekaristi yenyewe inayopitishwa barabarani, na Mkatoliki hupiga magoti popote alipo, hata kama ana mizigo mkononi.

Msomaji wa historia:
Ningependa kuongeza jambo ambalo waongozaji wa watalii hulipitia juujuu. Siku hiyohiyo ya Alhamisi Kuu, saa chache kabla ya hao uliowaona, huandamana chama kiitwacho Los Negritos, yaani "Weusi Wadogo", chenye mizizi katika hospitali ambayo Askofu Mkuu Gonzalo de Mena aliianzisha mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya Waafrika wa Sevilla, wengi wao wakiwa watumwa. Kwa karne kadhaa wanachama wake walikuwa watu weusi, na inasimuliwa kwamba katika karne ya 17 wawili kati yao waliokuwa huru walijiuza utumwani ili zipatikane fedha za kuadhimisha sikukuu ya Bikira Maria. Binafsi simulizi hilo hunichoma zaidi kuliko linavyonijenga, maana hapakukosekana matajiri katika mji ule. Leo karibu wanachama wote ni Wahispania weupe, lakini jina limebaki, na kikanisa chao kiko mjini humo. Ukirudi Sevilla, ningekushauri uanzie huko mchana, kabla hawajatoka.