Paja la nyumbu aliyegongwa barabara ya Musoma, linalika?

Mtu wa Nyegezi: Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu ni utingo wa fuso, jana alfajiri karibu na geti la Ndabaka wamekuta nyumbu kagongwa kalala pembeni ya lami, dereva akasema huyu bado freshi, wakakata paja chap wakatia kwenye salfeti, ila walishusha mzigo Magu kwanza kwa hiyo hapa kafika saa tano. Wife kagoma isiingie jikoni kwake, anasema ina harufu, mi naona nyamapori ndo zinavyonuka. Upande mmoja una kijani kijani hivi. Nimeiweka friza ya jirani. Tukichemsha sana na ndimu si inalika?

Mzee wa Sangara: Hicho si kibudu hicho jamani 😂 sato wamejaa hapo mwaloni we unataka nyumbu wa lami

Muuza Bucha: Kaka msikilize mkeo. Ng'ombe wa machinjio anachinjwa damu inamwagika, bwana afya anakagua ndo mhuri unapigwa. Huyo wako damu imebaki humo humo, na akigongwa na gari utumbo unapasuka mavi yanaenda kwenye nyama, kijani unachokiona nahisi ndo hicho. Halafu masaa sita ndani ya salfeti juani, bakteria kwenye joto wengine wanazaliana mara mbili kila dakika 20, na kuna wanaoacha sumu ambayo hata uchemshe vipi haitoki. Ndimu inakata shombo tu.

Dada Mifugo: Mi naogopa kimeta, ule ugonjwa wa wanyama unaoambukiza watu, zaidi ya kuharisha. Nani alimuona akigongwa? Mnyama mgonjwa anaweza kujifia barabarani gari likapita juu yake baadaye, nyie mnasema ajali. Muulize shemeji kama puani au nyuma kulikuwa na damu nyeusi isiyoganda. Na aliyekata ajikague mikono, kinaanza kipele kinawasha, kinakuwa lengelenge, halafu kidonda cheusi katikati ambacho hakiumi, ndo maana watu wanakipuuza. Akiwahi hospitali antibayotiki zinatibu, ila aseme ukweli kashika nini. Nyama usimpe mbwa wala usitupe ziwani, mpigie afisa mifugo wa kata, vijidudu vya kimeta vinakaa ardhini miaka na miaka.

Konda Mstaafu: Na hilo paja ni nyara ya serikali mkuu, agongwe asigongwe, bila kibali unalala ndani. Kanuni za mabucha ya nyamapori zipo tangu 2020, kama una hamu kanunue kwenye bucha lenye leseni.

Mtu wa Nyegezi: Dada asante. Shemeji anasema damu hakuangalia, kulikuwa giza walimulika na simu, ila ana mchubuko wa kamba ya turubai kwenye kidole gumba na alikata mikono mitupu. Kesho asubuhi nampeleka hospitali. Sasa nimeenda kwa jirani kufunga salfeti vizuri nakuta paja limepungua, mama mwenye nyumba anacheka eti alionja kidogo jana usiku

Dada Mifugo: Mayu wee! Kesho nendeni wote.