Yule wa chupa ya maji, kilomita ya 35: leo sinyamazi

Wakuu, nimetoka kukimbia marathoni, nimeingia hotelini sasa hivi. Viatu sijavua, chumvi imenikauka usoni kama nimepakwa chokaa, na sioogi mpaka niliseme hili. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule aliyetukusanya, yule wa video kila alfajiri, yule wa "familia yangu ya mbio".

Wiki nzima katuambia nini? Mji huu ni wa baridi, bebeni glavu, vaeni mikono mirefu, asubuhi mtatetemeka. Tukabeba! Tumeanza saa tatu asubuhi jua tayari limekasirika. Kufika nusu ya mbio ni nyuzi 27, lami inapumua moto, hakuna kivuli hata cha kumfaa nzi. Glavu zangu ziko huko kilomita ya 3, aliyeziokota akae nazo.

Hayo yote ningemsamehe. Hali ya hewa haina mwenyewe.

Kilomita ya 35 je? Kituo cha maji, meza tupu, vikombe vimetapakaa barabara nzima. Imebaki chupa moja. MOJA. Binti wa kujitolea anamnyooshea mama mmoja mbele yangu, miguu yake imeshaanza kusokotana. Bwana mkubwa akapenyeza mkono, akaidaka, akajimwagia kichwani. Yote. Simu iko juu anajirekodi: "Familia yangu, joto liko akilini tu!"

Akilini! Mwaka 2007 Chicago walisimamisha mbio katikati kwa sababu ya joto. Mashindano ya dunia Doha 2019, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na usiku wa manane kukwepa jua, na bado kati ya 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Wale wanaishi kwa kukimbia. Nao akili zao zilikuwa na kasoro?

Na hakunywa hata funda! Angekunywa ningenyamaza, kiu ni kiu. Alijimwagia. Yale maji yalifika chini mbele ya viatu vya yule mama, naye akayaangalia. Nitazeeka naiona ile sura.

Mguu Niponye: Pole kaka. Ila wewe ni mtu mzima. Simu unayo, utabiri wa hali ya hewa umo humo humo, ukasubiri kuambiwa na mtu wa video?

Pumzi Mbili: Mkuu, mwezi uliopita ulitutangazia hapa kwamba unamaliza kwa saa 3 na dakika 30. Tupe muda wako kwanza, chupa baadaye.

Mleta uzi: Saa 5 na dakika 12. Na humo ndani kuna muda wa kumkokota mama wa watu mpaka kwenye hema la huduma ya kwanza, wakamlaza na barafu shingoni na makwapani. Swali jingine?

Jasho Jembamba: Video nimeiona. Simamisha sekunde ya 9: mkono wa yule mama uko pembeni, vidole vimefunguka vinasubiri chupa. Nimeacha kumfuata hapo hapo.

Soksi Kavu: Msiwasahau waandaaji. London 2018 joto lilifika nyuzi 24.1, rekodi kwa mbio zile, na kuna vituo viliishiwa maji. Anayeumia siku zote ni wa nyuma. Lini mmesikia kundi la mbele limekosa maji?

Mguu Niponye: Boston 2012 waandaaji waliwaambia watu mapema: joto kali linakuja, asiyejiweza aahirishe aje mwaka unaofuata. Maelfu kwa maelfu wakakimbia vivyo hivyo. Wakimbiaji hatusikii, tuseme ukweli.

Bibi Kasi: Wanangu, mwili unataka wiki moja mpaka mbili kulizoea joto. Ukijifua miezi kwenye baridi, ukashuka juani, punguza kasi tangu kilomita ya kwanza, usingoje uzidiwe. Na msijaze maji matupu tumboni saa zote hizo, chumvi ya damu ikishuka sana inaua pia.

Mleta uzi: Shikamoo Bibi Kasi. Nimekuelewa, lakini maji ya kujaza tumboni ningeyatoa wapi? ALIJIMWAGIA!

Kisigino: Nyie mnalia maji, mimi vyoo! Dakika 40 kwenye foleni, mbio zimeanza nimo ndani. Nimetoka nakimbia peke yangu kama nafukuzwa.

Jasho Jembamba: Na fulana za kumalizia? Nimeomba kubwa, nimepewa ya kumvisha mtoto wa chekechea.

Nyayo: Afadhali nyie. Begi langu nililowakabidhi waandaaji kabla ya mbio halionekani. Pasipoti imo humo na ndege ni kesho.

Soksi Kavu: Pasipoti kwenye begi la mbio?? Nani alikufundisha hivyo?

Nyayo: Yeye huyo huyo! Alisema kuko salama kuliko hotelini.

Mleta uzi: Mnaona sasa? Mtu wa aina hiyo ndiye aliyejimwagia...

Pumzi Mbili: Subiri kwanza wewe. Nyayo, begi lilikuwa na kibandiko cha namba? Malori yalipangwa kwa rangi, la kijani limehamia upande wa pili wa uwanja, watu wengi hawajaambiwa.

Kisigino: Kweli, langu nimelipata huko. Limelowa chapachapa sijui kwa nini.

Nyayo: Langu ni la buluu. Niko hapa tangu saa tisa, wamebaki wafanyakazi wawili na mwamvuli mmoja. Kuna mwenye namba ya simu ya hawa watu?

Bibi Kasi: Iko nyuma ya namba yako ya kifuani mwanangu, igeuze.